Mcheza Kwao Hana Shahada

Mwaka 1981 walimu wa dansi wa vyuo vya Marekani waliunda chombo chao wenyewe, National Association of Schools of Dance. Tangu hapo NASD ndiyo inayoandika masharti ya shule ya dansi inayotaka ithibati yake: mwanafunzi acheze kiasi gani, sakafu iweje, mwalimu awe mtu wa namna gani. Mwaka huohuo serikali yetu ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilikuwa kimekwisha kuvunjwa, na watu waliozunguka wakichezea taifa wakageuka walimu wa chuo hicho. Mstari wa kuanzia ulikuwa mmoja. Ukinibana nitasema sisi tulikuwa hatua moja mbele, maana wao walianza na kamati na sisi tulianza na manju.

Zaidi ya miaka 40 imepita. Kamati yao ingali mikononi mwa watu wa dansi. Manju wetu wako nje ya geti la chuo kikuu, na wakiingia huingia kama watumbuizaji wa mahafali.

Hakuna aliyesimama akawafukuza. Wametolewa na jedwali. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka masharti ya anayestahili kufundisha shahada, na masharti yenyewe hayana mzaha: mkufunzi msaidizi awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi awe na hiyo 3.8 pamoja na 4.0 katika uzamili. Mhadhiri kamili awe na uzamivu. Kozi inayotafuta ithibati huorodhesha walimu wake na vyeti vyao. Walimu wasipotosha, kozi haipiti. Masharti haya ni yaleyale kwa mwalimu wa sheria za ardhi, kwa mwalimu wa takwimu, na kwa mtu atakayesimama mbele ya vijana akiwaonyesha sindimba.

Sasa weka watu wawili mbele ya jedwali hilo. Wa kwanza amemaliza stashahada Bagamoyo, amecheza miaka 20, anaongoza kundi lake, anajua tofauti ya lizombe ya mashindano na lizombe ya arusi, anaweza kuchukua vijana 15 wasiojuana na baada ya miezi mitatu wakacheza kama waliozaliwa nyumba moja. Wa pili ana 3.9. Ameipata kihalali, kwa akili yake na usingizi wake, kwa kuandika mitihani kuhusu nadharia za sanaa za maonyesho. Hajawahi kutunga ngoma. Hajawahi kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio. Jedwali likiulizwa nani akafundishe somo la vitendo, halisiti hata kidogo. Huyu wa pili anapewa ofisi, mshahara, mkopo wa gari na pensheni. Yule wa kwanza, akibahatika, anaitwa kwa malipo ya saa: aje awafundishe wanafunzi wa yule wa pili, alama aweke yule wa pili.

Huu mimi siuiti udhibiti wa ubora. Ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba anayejua hafundishi, na anayefundisha halazimiki kujua.

Nitajie Mtanzania aliyefikisha ngoma za nchi hii mbali kuliko Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, mpigaji wa ilimba na zeze, mwimbaji ambaye koo lake lilikuwa na orofa mbili tatu. Wagogo hawatenganishi kuimba na kucheza, kwa hiyo ukimwita mwanamuziki tu umempunguza. Alikuwa katika vikundi vya taifa, alifundisha Bagamoyo, alirekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, na alipofariki Desemba 2003 ulimwengu wa muziki uliandika tanzia zake kwa lugha nyingi. Ujuzi wake haukutoka katika ukumbi wa mihadhara. Ulitoka kwa wazazi, kwa mifugo, kwa sherehe za jando. Mpeleke leo mtu wa namna yake, kijana kama alivyokuwa yeye alipoanza kufundisha, akaombe kazi ya kufundisha shahada. Afisa rasilimali watu atamwomba nakala ya vyeti iliyothibitishwa na mwanasheria, na mazungumzo yataishia hapo.

Kuna kichekesho kikubwa zaidi, na kinaniuma kwa sababu kimeandikwa na serikali yenyewe. Nchi hii inakubali rasmi kwamba ujuzi hupatikana nje ya darasa. VETA inampima fundi mwashi au fundi magari aliyejifunza mtaani, ikiridhika inampa cheti. TCU nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, unaomruhusu mtu mzima asiye na alama za kidato cha sita kufanya mtihani maalumu na kudahiliwa chuo kikuu. Utaratibu mzuri, naupongeza. Lakini tazama mlango unafungukia upande gani. Unamwingiza kama mwanafunzi. Manju mwenye miaka 50 anaruhusiwa kuingia chuo kikuu akakae dawatini, afundishwe ngoma na binti mwenye 3.9, afanye mtihani wa maandishi kuhusu kitu ambacho mwalimu wake alikisoma katika makala iliyoandikwa baada ya mtafiti kumhoji manju huyohuyo. Akifaulu vizuri, akaendelea na uzamili, akiwa na miaka 56 au 57 ataruhusiwa kuwa mhadhiri msaidizi. Miaka mitatu minne baadaye anastaafu kwa lazima.

Najua kinachonisubiri hapa. Nitaambiwa nataka vyuo vifunguliwe kwa kila anayejua kutikisa kiuno. Nitakumbushwa enzi ambayo chuo kikuu kilikuwa ghorofa moja la kupanga, lenye kibao kikubwa barabarani na profesa mmoja anayefundisha vyuo vinne. Naikumbuka. Mwaka 2017 TCU ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na ningepiga tena. Mzazi aliyeuza shamba kumlipia mtoto ada ana haki ya kujua kwamba kule anakompeleka kuna walimu, kuna vitabu, kuna choo. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama ithibati inahitajika. Inahitajika. Ninachouliza ni nani kashika rula, na rula yenyewe inapima nini.

Kwa sababu ngoma haikuwahi kuishi bila rula. Wanaodhani kabla ya Tume kulikuwa na fujo hawajafika Usukumani.

Huko kuna vyama viwili vikongwe vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo watu wake huvirejesha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, makundi ya vyama hivi hukutana kushindana, na katika sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, unaweza kuyaona mwezi Juni. Kanuni yake ni ya kikatili. Makundi mawili yanacheza siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja. Mtazamaji hana kiti wala tiketi inayomfunga upande. Akichoshwa na hawa, anageuka anakwenda kwa wale. Mshindi ni mwenye umati. Hakuna rufaa, hakuna barua ya kuomba alama zipitiwe upya. Manju anaona kwa macho yake watu wakimkimbia, na papo hapo lazima atafute dawa: wimbo mpya, kejeli mpya, majembe ya ngoma ya bugobogobo yarushwe juu zaidi, chatu atolewe kapuni. Kundi lililorudia ya mwaka jana linabaki likichezea mavumbi. Kwa hiyo mwaka mzima linajinoa, kuna uongozi, kuna mafunzo, kuna nidhamu ya mazoezi, kuna siri za kundi ambazo mgeni hapewi mpaka aaminike.

Niambie ni jopo gani la wakaguzi, katika nchi gani, lenye ukali huo. Na niambie ni mhadhiri yupi aliyepitishwa na jedwali angekubali kupimwa hivyo hata Jumamosi moja.

Pwani nako nyakanga wa unyago hapewi kazi kwa sababu kaomba. Amekaa chini ya mkubwa wake miaka, amebeba ngoma kabla ya kuipiga, ameitikia kabla ya kuanzisha wimbo. Sisi tuliokwenda shule tunapenda kudhani sifa hizi ni za kienyeji, zisizo na kipimo. Zina kipimo. Kisichokuwepo ni kisanduku cha kukijaza kwenye fomu.

Sasa twende ndani ya kozi zenyewe, kwa maana madhara ya ithibati hayaishii kwenye ajira. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwemo ile anayofanya peke yake nje ya kipindi. Kwa mwanafunzi wa historia hesabu hii inakaa sawa: kipindi kimekwisha, anakwenda maktaba. Mwanafunzi wa ngoma aende wapi? Kazi yake ya peke yake inahitaji ukumbi, mpigaji, wenzake saba, na nafasi ambayo kelele haitaleta malalamiko ya idara jirani. Ukumbi umefungwa kwa ajili ya mitihani, au umekodishwa kwa semina. Kwenye karatasi saa zimetimia. Miguu haijui kwamba saa zimetimia.

Kuna na suala la sakafu, ambalo watu wa vyuo hulipita kama jambo la mafundi. Ukirukaruka juu ya saruji saa mbili kwa siku, miaka mitatu, miundi na magoti yako yatalipa. Mchezaji wa kijijini anacheza juu ya udongo, na udongo una huruma. Saruji iliyopakwa rangi nyekundu haina. Masharti ya NASD yanadai sakafu inayonepa, iliyojengwa kwa ajili ya kucheza, na mkaguzi wake akifika anaiangalia. Ndiyo tofauti ya kukaguliwa na mwenye magoti yaliyowahi kuuma. Mkaguzi wa jumla anahesabu viti, kompyuta, vitabu vya rejea kwa kila mwanafunzi, na uzamivu kwa kila idara. Mimi naamini kabisa kwamba kama TCU ingedai sakafu ya mbao kwa ukali uleule inaodai 3.8, ukumbi ungekuwa umejengwa. Wakuu wa vyuo husikia lugha moja tu, nayo ni tishio la kunyimwa ithibati. Silaha ipo. Imeelekezwa kwa mtu asiye adui.

Wacha niwape Wamarekani haki yao, ingawa siyo tabia yangu. Shahada ya kwanza ya dansi duniani, kwa wanavyoihesabu wao, ilianzishwa mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na Margaret H'Doubler. Huyo mama hakuwa na shahada ya dansi, asingeweza kuwa nayo kwa sababu haikuwepo. Alisoma biolojia, akawa anafundisha wasichana mazoezi ya viungo na mpira wa kikapu. Mpime kwa rula yetu ya leo: fani yake hailingani na kozi anayoombea ithibati, faili linarudishwa. Katherine Dunham, Mmarekani mweusi aliyesoma anthropolojia Chicago, alikwenda Karibi katikati ya miaka ya 1930 kutafiti ngoma za watu wenye asili ya Afrika, kisha akaiacha shahada ya uzamili ikining'inia akachagua jukwaa. Miaka ya 1960 Southern Illinois University ilimchukua hivyohivyo alivyo, na mwaka 1967 akawa ameanzisha kituo cha kufundisha sanaa katika mji maskini wa East St. Louis. Walijua wanachonunua.

NASD imeyaweka mambo hayo kwenye masharti. Inasema wazi kwamba kazi ya ubunifu jukwaani ihesabiwe sawa na utafiti na machapisho mwalimu anapotathminiwa, na kwamba uzoefu wa hali ya juu wa kazi unaweza kusimama mahali pa cheti. Inasema pia kwamba ile shahada yao ya kutengeneza wachezaji lazima asilimia 65 hivi ya masomo iwe dansi yenyewe. Asilimia 65! Fungua mtaala wowote wa hapa kwetu unaogusa ngoma, uhesabu kipindi cha kucheza, halafu uhesabu stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, ujasiriamali na mbinu za utafiti. Sina chuki na stadi za mawasiliano. Ila sijawahi kuona daktari wa upasuaji akifuzu kwa vipindi viwili vya kisu kwa wiki.

Haki nimewapa, sasa nawanyang'anya nusu. Rula ya Wamarekani iliandikwa na watu wa baleti na dansi ya kisasa, nayo inapima vizuri zaidi kile walichokuwa nacho wao. Mwalimu wa ngoma za Afrika katika vyuo vingi kule yuko pembeni: somo la hiari, mkataba wa muhula, ofisi ya kushirikiana watu wanne, cheo cha msanii mwalikwa ambacho hakina mwaliko wa kikao cha idara. Mpigaji wa ngoma anayeshika darasa zima kwa mikono yake analipwa kama kifaa. Kwa hiyo nikisema wachezaji washike rula, sisemi tukaiazime ya Virginia, ambako NASD ina ofisi zake. Tukiiazima, miaka 10 ijayo tutakuwa tunamnyima manju kazi kwa sababu hajui kupinda magoti kwa Kifaransa.

Mfano wa karibu na sisi ni Legon, Ghana. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Ghana kilianzisha shule yake ya muziki na drama, na mwaka huohuo Mawere Opoku na J. H. Kwabena Nketia wakaunda Ghana Dance Ensemble, kundi la taifa lililokaa ndani ya chuo kikuu. Wasomi walikuwepo, na mabingwa wa kupiga na kucheza kutoka vijijini waliajiriwa wafundishe, chini ya paa moja. Nketia aliandika vitabu vinavyosomwa mpaka kesho, lakini hakujidanganya kwamba kitabu kinaweza kumfundisha mtu kupiga atumpan. Sisi tulikuwa na kundi la taifa na tulikuwa na chuo kikuu. Tukaliweka moja huku na jingine kule, kundi likavunjwa, chuo cha sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, kikaitwa TaSUBa mwaka 2007 na kuwekwa chini ya chombo kingine cha ithibati, kile cha elimu ya ufundi, na chuo kikuu cha Dar es Salaam kikabaki Mlimani na nadharia yake. Mikono upande mmoja, kichwa upande wa pili, na kati yao vyombo viwili vya serikali vyenye fomu zisizosalimiana.

Majirani hawajatupita sana. Kenya ilitangaza mwaka 2014 kwamba mhadhiri lazima awe na uzamivu, ikaweka 2018 kuwa kikomo. Kikomo kilifika na walimu wengi hawakuwa nao. Uganda, ambako Makerere imefundisha muziki, dansi na drama tangu 1971, iliamka mwaka 2023 na kukuta orodha ya mamia ya kozi zilizoandikwa kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwamba muda wake umekwisha, nyingi zikiwa za Makerere yenyewe. Wahitimu wakapatwa na kiwewe, baraza likalazimika kueleza kwamba kozi kuisha muda si shahada kuwa batili. Kozi kubwa hutikiswa na mambo hayo zikaendelea. Kozi ndogo, yenye walimu watatu na wanafunzi 18, haina mtu wa kuipigania kwenye seneti. Huunganishwa na nyingine, hubadilishwa jina, halafu siku moja unaambiwa haijapata waombaji wa kutosha.

Turudi kwa mwalimu aliyebahatika kuingia, huyu mwenye vyeti vyake, kwa maana naye anaumia na ni unafiki kumfanya adui. Aliingia akiwa na miaka 27, anapenda kucheza, mwili unamtii. Akaambiwa bila uzamivu hapandi. Mwaka wa kwanza anatafuta ufadhili. Miaka minne mitano inayofuata yuko nje, mara nyingi mahali penye baridi, akiandika kurasa 300 kwa Kiingereza kuhusu ngoma ya kijiji ambacho mama yake anakijua vizuri kuliko maktaba nzima ya hapo. Anarudi akiwa na miaka 32 au 33, kitambi kimeanza. Anaambiwa sasa achapishe. Kuandaa onyesho na wanafunzi 20, kutunga, kufanya mazoezi jioni kwa miezi minne, kutafuta mavazi kwa pesa yake mwenyewe, kulionyesha mbele ya umma: hata pale kanuni inapoitaja kazi ya ubunifu, mzani wa kuipima haueleweki, na kamati ya kupandisha vyeo imejaa watu waliozoea kuhesabu makala. Makala moja ya kurasa 15 kuhusu onyesho lilelile, ikitoka kwenye jarida la nje, haina utata. Na saa za ukumbini, katika vyuo vingi hapa na ng'ambo, huhesabiwa nyepesi kuliko saa za mhadhara, eti kwa sababu hazina maandalizi. Mtu mwenye akili timamu anafanya nini? Anaacha kucheza. Anaandika. Akifika uprofesa, anakuwa ameandika kwa ufasaha mkubwa kuhusu kitu alichoacha kukifanya.

Sidharau maandishi, mimi ndiyo kazi yangu. Kitabu cha Terence Ranger kuhusu beni, kilichotoka 1975, kilifundisha kizazi kizima kwamba ngoma ni historia ya siasa, ya ukoloni, ya mji na bandari. Ranger alifundisha historia Dar es Salaam miaka ya 1960, na anatudai shukrani. Lakini hakuna mtu aliyejua kucheza beni kwa kukisoma, na Ranger hakudai hivyo. Shahada inayodai kwamba imemfundisha mtu ngoma, huku imemfundisha kusoma kuhusu ngoma, inamdanganya mlipa ada, na kuzuia udanganyifu huo ndiyo kazi hasa ambayo ithibati iliumbiwa.

Mwanafunzi naye huchaguliwa hivyohivyo. Kati ya 2010 na 2017 udahili wa nchi nzima ulipita kwenye mfumo mmoja wa kompyuta wa TCU, uliopanga watu kwa alama za kidato cha sita. Mfumo umeondoka, mazoea yamebaki. Kijana mwenye mwili wa ajabu na alama za wastani anaishia kwenye kundi la arusi. Mwenye alama nzuri aliyekosa nafasi ya sheria anajikuta kwenye sanaa za maonyesho, akilia kimoyomoyo, akisubiri uhamisho.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Miongozo huandikwa na Tume, na Tume huweza kuibadili. Kiwepo cheo cha ualimu kwa bingwa wa jukwaa, chenye mshahara wa kudumu na kura kwenye kikao cha idara, si posho ya saa. Apimwe, na apimwe kwa ukali: mbele ya mabingwa wenzake, mbele ya umma, kwa kazi aliyoitunga na kwa wanafunzi aliowafunza, akishindwa arudi nyumbani. Onyesho lililotathminiwa na watu wa fani lipewe alama zake za kupandia cheo bila kulazimishwa kuvaa koti la makala. Jopo linalokuja kukagua kozi yenye ngoma ndani yake liwe na mtu anayecheza, na huyo awe na sauti ya kukataa. Bagamoyo na Mlimani, zinazotenganishwa na mwendo wa saa mbili hivi za foleni, zigawane walimu na wanafunzi, hata kama vyombo vyao vya ithibati havisalimiani.

Nani ataandika miongozo hiyo? Hapa nawageukia ninyi, madaktari na maprofesa wa sanaa za maonyesho, ambao faraghani huniambia mambo makali kuliko haya niliyoandika. TCU haikai angani. Inapounda majopo ya kukagua kozi, inawaita ninyi. Inapotafuta maoni kuhusu rasimu, barua inafika mezani kwenu. Mnaketi, mnakunywa chai, mnatia saini masharti yanayomtoa nje mtu aliyewafundisha kucheza, kisha jioni mnampigia simu aje awasaidie wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa sababu onyesho la mwisho halijakaa sawa. Baadhi yenu mmeshaizoea hali hii kwa sababu inawafaa: manju akipata cheo, itajulikana nani hajui. Semeni kama nimewasingizia.

Kama nimewasingizia, rasimu ya masharti ya ngoma iliyoandikwa na watu wa ngoma iko wapi? Wenzenu wa Marekani walikuwa na yao wakati Chuo cha Bagamoyo kinafunguliwa. Nyie mmeshawahi kuiomba Tume kikao hata kimoja?